Hapana ya Attracta Gallogly

Attracta Gallogly hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza, na kwa hilo anaheshimika. Huku kwetu Gortnaleck, katika vilima vya Leitrim ambako mvua hainyeshi bali inakaa, mtu akikukaribisha chai unasema hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi. Akikukaribisha tena unamwambia asijisumbue. Akikukaribisha mara ya tatu, birika limeshachemka na mkate wa magadi umeshakatwa, ndipo unasema haya basi, tone tu, nitanywa nikiwa nimesimama. Kisha unaketi mpaka giza linaingia. Anayekubali mara ya kwanza ama ana njaa ama ametoka Dublin. Anayekaribisha mara moja akaishia hapo hatujampa jina, kwa sababu hatukudhani kwamba yupo.

Attracta alilelewa hivyo na akaolewa hivyo. Alipokuwa msichana alitakwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa upande wa Boyle, mwenye gari dogo jekundu na meno yake yote, na inasemekana moyo wa Attracta ulikuwa kwake. Mwalimu alimwuliza jioni moja nje ya ukumbi wa dansi kama angependa waoane. Attracta akasema hapana, kwa adabu zote. Mwalimu akamshukuru, akavaa kofia, akawasha gari, na mwaka uliofuata akaoa nesi. Wa pili alikuwa Felim Gallogly, mwenye ng'ombe wachache na mama mkali. Felim aliuliza dansini, akauliza tena mnadani huku ameshika mkia wa ndama, akauliza kwa mara nyingine nyuma ya banda la nyasi kavu, na hapo Attracta akasema kama si usumbufu, basi sawa. Waliishi vizuri hadi Felim alipofariki, na sijawahi kumsikia Attracta akilalamika. Ila huku hatulalamiki. Mtu aliyevunjika mguu ukimuuliza hali atakwambia kuna waliovunjika yote miwili.

Baada ya Felim, Attracta alibaki na ng'ombe, nyumba yenye ghorofa moja juu, na shemeji yake Malachy, ambaye anaishi ng'ambo ya barabara na ana maoni. Mtoto wake mmoja tu, Dervla, alikuwa Bremen, Ujerumani. Dervla huchora macho ya watu kwa ajili ya vitabu vya madaktari: picha kubwa, kila mshipa mahali pake, na picha hizo husafirishwa kwa intaneti. Alikuwa na mume anayeitwa Torsten na watoto wawili, na kwa muda mrefu walikuwa na mpango wa kurudi nyumbani na kuchukua shamba. Torsten anawapenda sana ng'ombe, kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kuamka kumzalisha mmoja. Hakukuwa na kizuizi ila kimoja. Gortnaleck haikuwa na intaneti ya kutajika. Picha moja ya jicho ingechukua siku nzima kutoka hapa, na kufikia wakati huo mwenye jicho angekuwa amepona au ameshapofuka.

Kwa hiyo walisubiri faiba, ule waya wa intaneti ya kasi. Faiba ikifika Gortnaleck, wanarudi. Isipofika kabla ya mwisho wa Mei, ambapo shule ya Bremen ilitaka kujua kama watoto wanabaki, wananunua nyumba kule kule. Na mtu akishanunua nyumba Bremen, Leitrim inakuwa mahali pa kuja Krismasi, kisha mahali pa kuja kwenye mazishi.

Attracta hakumwambia mtu kwamba anataka warudi. Ukimuuliza, alisema hilo ni la kwao. Lakini majira ya baridi yaliyopita alionekana mjini Carrick akinunua mabuti ya mpira ya watoto, jozi mbili, ambayo yalikaa nyuma ya mlango wake wa jikoni yakitazama ukutani. Malachy alipouliza, aliambiwa yalikuwa bei nafuu.

Sisi wengine nasi tulisubiri, maana kusubiri ni jambo tunalolijua. Wanasiasa walituahidi faiba katika chaguzi kadhaa, kila mmoja akiwa na picha yake na mwavuli. Bango la kusema inakuja liliwekwa njia panda, likafifia, likaanguka, likawa mlango wa banda la kuku la Malachy. Wakaja watu waliovaa reflekta wakahesabu nguzo. Baadaye wakaja wengine wakazipaka namba, kisha wengine tena kuangalia kama namba zimekauka.

Wakati huo intaneti ilipatikana sehemu moja tu: kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu waya wa simu wa nyumba ya padre ulikuwa na afya kuliko nyaya zetu. Neno la siri lilikuwa jina la mtakatifu wa parokia, nalo tulikuwa nalo tangu ubatizo. Padre Tiernan alikuwa bado mgeni kwetu. Alipoona jioni za katikati ya wiki magari yamejaa uwanjani, kila gari na muumini mmoja ndani yake ameinamisha kichwa, kimya, alimwarifu askofu kwamba imani inafufuka Leitrim. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha. Attracta alikuwemo humo kila Jumatano, akiutazama uso wa Dervla kwenye simu ukiganda katikati ya neno, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kuwekewa kijiko cha dawa.

Mwezi wa tatu akaja kijana kutoka Dublin, viatu vyeupe, kishikwambi mkononi. Alitumwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuleta faiba, na alipita nyumba kwa nyumba akiwa na swali moja: je, mwenye nyumba angependa waya ufikishwe kwake?

Alimkuta Attracta mlangoni na ndoo. Huyu ni mwanamke aliyekuwa ameisubiri faiba hiyo kuliko mvuvi anavyosubiri samaki, na ambaye, kwa habari nilizo nazo, aliiwekea nia kwenye rozari kati ya marehemu na hali ya hewa. Akamwambia kijana asijisumbue. Akasema kuna wenye shida zaidi huko mbele. Halafu, kwa kuwa mtu ametoka mbali na mvua inamnyeshea, akamkaribisha chai.

"Asante, ningependa sana," kijana akasema, na akaingia palepale.

Attracta alishtuka kidogo, maana alikuwa bado hajampisha mlangoni. Lakini alimpa chai, akampa mkate na nyama ya nguruwe, kisha akaketi mbele yake kusubiri aulizwe tena. Kijana alikula vizuri. Alizungumzia mvua, akamsifu mbwa, akabonyeza kitu kwenye kishikwambi, akashukuru na kuondoka. Attracta alimtazama akishuka njiani bila wasiwasi wowote. Kwa hesabu yake jambo lilikuwa limeanza vizuri: hapana ya kwanza ilikuwa imeshatolewa.

Ikawa hivyo hivyo nyumba hadi nyumba. Malachy alimwambia yule kijana kwamba ameishi maisha yake yote bila faiba na haoni sababu ya kuanza sasa. Kesho yake alionekana akikwangua ukuta wake sehemu ambayo waya ungeingilia. Bi Keaney, mwenye nyonga mbovu, alimwambia waanze na wengine. Padre Tiernan, ambaye ni mtoto wa Longford na amelelewa kama sisi, alisema parokia itajikaza. Jioni ile kijana alirudi Dublin akiwa ameshiba sana.

Mafundi walikuja mwezi wa tano. Walikuwa na gari lenye kikapu cha kuwainua hadi kichwani mwa nguzo, na kiongozi wao aliitwa Rimas, Mlithuania aliyekaa Carrick muda mrefu kiasi kwamba yeye huilaumu mvua kabla hujamsalimia. Walivuta waya kutoka nguzo hadi nguzo, waya mweusi, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Ulipita juu ya lango la Attracta. Ulipita juu ya banda la kuku la Malachy na juu ya uwanja wa kanisa. Tulitoka kuutazama, kila mtu akijifanya ana kazi karibu na uzio wake. Ulikuwa unaelekea darajani, na ng'ambo ya daraja ni kijiji cha Drumcarra. Ilipofika Jumamosi tukaanza kuona kwamba waya unapita tu, haushuki.

Malachy akaenda kuuliza. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye mpira, akaja kwenye afya ya mke wa Rimas, kisha akauliza kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo.

"Eti bwana, sisi mtatushushia lini?"

Rimas akafungua orodha yake kwenye simu. "Ninyi hammo. Mlikataa."

"Nani kakataa?"

"Wote. Kila nyumba. Mpaka padre."

Malachy alifikiri. "Hakuna aliyekataa," akasema. "Tulisema tu hapana."

Rimas alifumba macho kwa muda. Amekaa nasi vya kutosha kuelewa alichoambiwa, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Akaeleza kwamba kazi yake ni nguzo, si watu. Ili nyumba ziunganishwe, lazima kisanduku kifungwe kwenye nguzo ya Gortnaleck, na kisanduku hakifungwi bila ombi. Ombi la nyumba moja lingetosha. Apige simu ofisini mwenye nyumba mwenyewe, aseme anataka. Lakini Jumatatu mchana gari linavuka daraja, na likishavuka halirudi mpaka awamu ijayo. Malachy alipouliza awamu ijayo ni lini, Rimas alitazama juu mbinguni, si kwa kuomba.

Kesho yake baada ya Misa tukakutana ukumbini. Malachy alikuwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyeleta habari mbaya. Alisema yeye binafsi faiba haimhusu, ila anawafikiria wagonjwa. Bi Keaney, kwa niaba ya wagonjwa, akasema wagonjwa wako sawa, ila anawafikiria vijana. Vijana walikuwepo wawili, wote wanakaribia miaka arobaini, nao wakasema kwa upande wao hawana haraka, ila ingewafaa wazee. Padre akasema Kanisa limengoja mambo makubwa kuliko hayo. Kila mtu alikuwa tayari kabisa faiba iombwe, mradi iombwe kwa ajili ya mwingine.

Hatimaye Malachy akapata wazo. Akapendekeza ombi lipelekwe kwa jina la shemeji yake, kwa sababu ya Dervla, na kwamba jambo hilo linaeleweka na hakuna aibu ndani yake. Ukumbi mzima ukamgeukia Attracta.

Sasa, tungekuwa na nusu saa zaidi, tungemwomba tena, na tena, na huenda mambo yangeishia hapo. Lakini Malachy alikosea kwa kulisema mbele ya watu. Mtu unaweza kumbembeleza jikoni kwake. Ukumbini unamvua nguo.

"Msiombe kwa ajili yangu," Attracta akasema. "Dervla ana maisha yake."

Lilisemwa vizuri sana, na wengi waliinamisha vichwa kwa heshima. Kuendelea baada ya hapo kungekuwa matusi. Tukanywa chai, ambayo ilichukua muda kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiihitaji, na tukatawanyika bila ombi.

Alasiri hiyo Dervla akapiga simu ya mezani. Yaliyosemwa nimeyapata kwa Attracta mwenyewe, ambaye aliyasimulia kwa kifupi, kama anayemwelekeza mtu njia ya posta.

Dervla alikuwa ameishi Bremen miaka mingi, kati ya watu wanaouliza mara moja na kuliamini jibu. Kule ukisema umeshiba, sahani inaondolewa. Kila asubuhi alikuwa akifungua ramani ya kampuni kwenye kompyuta, jinsi wengine wanavyofungua habari, kuitazama nyumba ya mama yake. Miezi yote nyumba hiyo ilikuwa na alama ya kijivu, maana yake inasubiri. Wiki hiyo alama ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Mama, imeandikwa umekataa."

"Sikukataa. Yule kijana aliuliza mara moja tu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asijisumbue."

"Mama. Huko ndiko kukataa."

"Hiyo ni adabu, mwanangu."

Dervla akasema alichokuwa akikifikiri tangu majira ya baridi. Kwamba kila wanapozungumzia kurudi, mama yake huongea kama vile wanazungumzia mvua ya nchi nyingine. Kwamba Torsten ameshamwambia bosi wake, na watoto wameshawaambia rafiki zao. Kwamba kama mama hataki nyumba yake ijae watoto na Mjerumani, ana haki hiyo, hakuna atakayekasirika, ila aseme, na asiwaachie kusoma kwenye ramani. Shule ilikuwa inataka jibu wiki hiyo.

"Nakuuliza, Mama. Unataka tuje au hutaki?"

"Fanyeni linalowafaa," Attracta akasema. "Msije kwa ajili yangu."

"Haya," Dervla akasema. "Nimekuelewa."

Akakata simu.

Attracta alibaki amesimama pale kwenye korido, mkono juu ya simu, akisubiri ilie tena. Mtu wa Gortnaleck angepiga tena. Alichemsha chai, akaweka kiti karibu na mlango wa korido ili asikie vizuri, akanywa. Simu haikulia. Aliosha kikombe taratibu, kwa maji machache yasiyo na kelele. Simu haikulia. Alisema ndipo lilipomjia wazo ambalo kwa mwanamke wa umri wake lilikuwa jipya: kwamba huenda binti yake amemwamini.

Jumatatu asubuhi alivaa koti la Misani, akatoka barabarani.

Gari la mafundi lilikuwa kwenye nguzo ya mwisho kabla ya daraja, injini inanguruma, Rimas juu kwenye kikapu na mikono yake katika nyaya. Mambo kama haya yangeweza kufanyika faraghani, lakini Malachy alikuwa anahamisha mitamba yake kwa barabara hiyohiyo, na nyuma ya mitamba lilikuwa limekwama gari la mama wa posta, na nyuma ya mama wa posta alikuwa Padre Tiernan akienda kumpelekea mgonjwa komunyo. Mimi nilikuwa kwenye uzio wangu, nina kazi hapo.

Attracta akamwita Rimas. Rimas hakusikia, alimpungia mkono kwa upole. Akaita tena. Safari hii Rimas alidhani analalamika kwamba gari limeziba njia, akamwonyesha kwa vidole kwamba wanaondoka sasa hivi. Mtu wa kwetu akishaita mara mbili bila kuitikiwa huwa anarudi nyumbani akiwa na amani kwamba alijaribu, na nilimwona Attracta akigeuka nusu. Kisha akamnyang'anya Malachy fimbo, akaligonga gari ubavuni kwa nguvu zake zote.

Injini ikazimwa.

"Kuna nini, mama?" Rimas akauliza kutoka juu.

"Nataka faiba."

Hata mitamba ilisimama. Nimeishi Gortnaleck tangu nizaliwe na nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likitumika hivyo, peke yake, bila kitu cha kulifunika.

"Una uhakika?" Rimas akasema. Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anamwachia nafasi, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Nimesema nataka. Nataka binti yangu arudi nyumbani, na mume wake, na watoto. Shuka huko unipe hiyo namba."

Padre aliinamisha kichwa. Mama wa posta alipanga upya barua zilizokuwa zimepangwa. Malachy alitazama ua wa miiba ulio kando ya barabara, kwa makini, jinsi muungwana anavyofanya upepo unapochukua nguo za jirani kwenye kamba.

Rimas akashuka. Akapiga namba ya ofisini kwa simu yake mwenyewe, akampa Attracta, akaenda kusimama mbali kidogo. Msichana wa huduma kwa wateja akamuuliza jina na namba ya nyumba, halafu kama anataka kuunganishwa. Attracta akasema ndiyo. Msichana akauliza kama angependa kasi ya juu zaidi. Akasema ndiyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliitikia ndiyo kila alichoulizwa mpaka maswali yakamwishia msichana, na ndiyo maana hadi leo ana chaneli zote za mpira wa Hispania.

Kisanduku kikafungwa kabla ya chakula cha mchana. Kilikuwa kidogo, cha kijivu, chenye matundu mengi kuliko nyumba moja inavyohitaji, na Malachy aliyaona matundu hayo. Akamsogelea Rimas.

"Mimi sihitaji," akasema kwa sauti ya chini. "Unajua hilo. Lakini shemeji kashajiaibisha mbele ya padre, si vizuri tumwache peke yake."

"Si vizuri," Rimas akakubali.

"Basi niandike."

Kufikia jioni Gortnaleck nzima ilikuwa imepiga simu ofisini, kila nyumba kwa huruma juu ya Attracta. Bi Keaney alisema asingeweza kulala akimfikiria yeye na waya wake wa pekee. Padre alisema anafanya hivyo kwa mshikamano. Kampuni, naambiwa, ilishangaa sana, na kuna mtu huko Dublin aliyepandishwa cheo.

Lakini hayo Attracta hakuyaona. Alikuwa amerudi nyumbani saa zile zile, na bila kuvua koti akapiga namba ya Bremen, ambayo ilikuwa imeandikwa ukutani juu ya simu na ambayo hakuwahi kuipiga hata siku moja, kwa kuwa huwezi kujua umemkatiza mtu nini. Dervla akapokea kwa Kijerumani.

"Ni mimi," Attracta akasema.

"Mama? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Jana uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza, ukanijibu. Basi, Mama, tusirudie tena, nina—"

"Nataka mje."

Waya ule wa zamani ulikaa kimya kiasi kwamba Attracta alidhani umekufa, siku ile ile uliyopatiwa mrithi.

"Umesema?"

"Umenisikia."

Dervla alicheka, au alilia; kwa simu ile huwezi kutofautisha. Akasema lazima aiambie shule leo hii. Akasema kwamba labda wataweza kufika Agosti. Attracta alisikia maneno yanampanda kooni, yote aliyofundishwa, kama si usumbufu, msiharakishe, mkipata nafasi, yamejipanga foleni na nguo zao za Jumapili. Akayameza.

"Agosti ni sawa," akasema. "Mapema zaidi ni vizuri zaidi."

Dervla akaiweka simu mezani bila kuikata, na akasikika akimwita Torsten. Wakaongea kwa Kijerumani, haraka haraka, yeye kwa sauti ya juu na mume kwa sauti ya chini, kisha wote kwa pamoja. Attracta hakuelewa hata neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha alipanda ghorofani, kwenye chumba cha mbele ambacho hakikulaliwa tangu Dervla aondoke, akajaribu kufungua dirisha. Felim alikuwa amelipaka rangi mara nyingi ili lisivuje, mpaka dirisha na fremu vikawa kitu kimoja. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa bega. Akashuka jikoni, akarudi na kisu cha mkate, akaanza kukipitisha polepole kwenye ufa, rangi ikidondoka juu ya koti la Misani.

Chini barabarani Malachy, aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mitamba, alimwona. Akamuuliza kama angependa apande amsaidie.

"Ndiyo," Attracta akasema kupitia kioo. "Na uje na nyundo."

Malachy, ambaye alikuwa ameuliza kwa adabu tu, akasimama kidogo katikati ya barabara, kisha akaenda kuitafuta.